Shajara ya kwadi ya Ami: inawaka, inanguruma, lakini haivuti

Jumamosi, 4 Januari 2025

Leo tumeitoa bandani kwadi ya Ami, ile pikipiki ya magurudumu manne. Karibu miaka mitano imekaa chini ya makuti hapa Jambiani, Unguja, tangu 2020 wageni walipokatika kwa korona, Ami akaifunika turubai akasema "wiki mbili tatu hivi", na hizo wiki mbili tatu ndo zimeisha leo. Kwadi yenyewe Yamaha Blaster, tustroki, yaani injini inayochoma oili pamoja na petroli, silinda moja sisi (cc) 195, inapozwa na upepo tu haina rejeta, gia sita, na ni ya kupiga kiki hakuna cha kitufe. Zimetengenezwa kuanzia 1988 mpaka 2006, kwa hivo hata kama hii ni ya mwisho mwisho ni mtu mzima tayari.

Ami aliinunua mtumba akikodisha wageni. Mie naitaka kwa kazi nyengine kabisa. Shangazi analima mwani, na kutoka pwani mpaka kwenye chanja za kuanikia ni mchanga mtupu, magunia ya mwani mbichi yanapanda kichwani, kila bamvua, zile siku maji ya bahari yanapotoka mbali, ikipita yeye analala na mafuta ya mchaichai mgongoni. Nkamwambia Ami nipe kwadi ntaitengeneza kwa pesa zangu, ntaifungia tela. Akacheka. "Chukua, lakini ukiiua usinirejeshee maiti."

Kuna mtu hapo hapo akataka kurukia apige kiki. Nkamkataza. Injini iliyolala hivi silinda yake inaweza kuwa na kutu na ringi zimegandia, ukipiga kiki kavu unaikwangua mwenyewe kwa mguu wako. Nikafungua plagi, nikamimina oili ya tustroki kama vijiko viwili vya chai kwenye tundu, nikaiacha tukaenda kusali adhuhuri tukala na wali, tukarudi. Nikaitia gia ya juu nikausukuma mpira wa nyuma taratibu kwa mkono, ikagoma, nikairudisha nyuma kidogo, ikagoma tena, mara ya tatu ikateleza kama inajikuna. Alhamdulillah. Haijaganda.

Petroli ya tangini ilikuwa rangi ya chai iliyokolea na harufu si ya petroli tena, ni vanishi ya seremala. Nimeimwaga yote kwenye galoni, hiyo kazi yake kuoshea vyuma vyenye grisi. Plagi nimechomeka mpya, B8ES, nikailaza juu ya silinda nikapiga kiki, cheche ipo, ya buluu, inasikika ta, ta. Leo basi.

Jumapili, 5 Januari

Siku nzima kabureta. Ukitaka kujua petroli inafanya nini ikikaa miaka, fungua kikombe cha chini cha kabureta. Ndani kulikuwa na utomvu wa kijani na kahawia umeshika kama gundi ya fenesi, floti imekwama juu, na ile jeti ndogo ya sailensa, ya injini ikiwa imetulia bila kubinywa, tundu lake halionekani hata ukiinyanyua kwenye jua. Jeti kubwa ilikuwa na afadhali. Nililoweka vyote, nikapuliza kwa pampu ya baiskeli, nikachokonoa kwa uzi mmoja wa shaba niliouchomoa kwenye waya wa taa. Usitumie pini wala sindano, jeti ni ya shaba nyeupe laini, ukiipanua tundu kidogo tu ushaharibu vipimo na hutojua kwa nini inakunywa petroli kama gari.

Chujio la hewa ndo kichekesho. Lile sponji la kwenye boksi nililishika likavunjika mkononi kama boflo la juzi, na chenga zake nyengine zilishaingia mpaka kwenye mdomo wa kabureta. Fikiria ningewasha, chenga zote zile zingepita kwenye pistoni. Nimekata sponji jipya la godoro kwa muda, la tundu kubwa, nikalipaka oili nikalikamua. Najua si lake, ntatafuta lake.

Pampu ya oili siiamini. Blaster ina tangi lake la oili na pampu inayochanganya yenyewe, lakini mipira imekakamaa na ndani ya paipu naona mapovu ya hewa. Kwa hivo nimechanganya mwenyewe tangini, petroli lita 5 na oili mililita 156, yaani moja kwa 32. Wavuvi hapa wanaweka lita 20 kwa mililita 400, hiyo ni moja kwa 50, ya mashine za boti zinazopozwa na maji, mie hii ya upepo naipa nzito zaidi mpaka niizoee.

Kiki ya kumi na ngapi sijui, ikawaka! Moshi mpaka kuku wa jirani wamekimbia, ile oili ya ndani ya silinda inaungua. Watoto wamejaa. Nikaiacha ipate moto, sailensa imekaa vizuri, nikapanda nikaelekea kiwanja cha mpira.

Haina nguvu. Gia ya kwanza inakwenda, ya pili inakwenda kwa kujivuta, ukiibinya zaidi ya nusu inaanza kukata, tatatatata, kama mtu ana kwikwi, haipandi. Mtoto wa baiskeli akanipita. Nimeona na kusikia vicheko.

Jumamosi, 11 Januari

Wiki nzima kazini nawaza ekzosi. Tustroki ekzosi si bomba la kutolea moshi tu, lile tumbo lake limepimwa, ndo linairudisha ndani petroli iliyotaka kutoroka kabla tundu halijafunga. Likiziba injini haipumui. Basi nimeifungua leo, nikatia waya mrefu kwenye mdomo wa nyuma, ukaingia kiganja kimoja ukasimama. Nikagonga. Ukamwagika udongo. Manyigu wale wanaojenga kwa matope walishajipa kiwanja, vyumba kama saba hivi vimepangwa, na vibuibui vikavu ndani yake. Nilivipanga juu ya jiwe nikampigia picha Ami, akanijibu "wadai kodi".

Mbele huko karibu na silinda kulikuwa na masizi mazito ya oili, nimeyachoma kwa moto wa vifuu mpaka bomba likawa jekundu kidogo kisha nikalibamiza bamiza kwa kipande cha mti. Kazi chafu.

Kufunga na kujaribu: chini imepata uhai kweli, kuondoka inaondoka, gia ya pili inashika. Lakini kufika nusu ya eksileta, kwikwi ile ile. Pale pale. Hili la pale pale ningelisikiliza mapema ningeokoa wiki nzima, ila kichwa changu kilishaamini ni petroli.

Jioni nimeazima geji ya kompresheni, ya kupima mgandamizo wa ndani ya silinda, kwa fundi wa mashine za boti, mzee mmoja hapa mtaani tunamwita Fundi tu, ndo mwalimu wangu wa zamani wa mambo haya. Eksileta wazi yote, kiki sita, geji ikasimama psi 115. "Hiyo ringi nzima," akasema. "Ingekuwa chini ya mia hapo tungezungumza mengine."

Jumapili, 12 Januari

Mapinduzi, mapumziko, watu wanaangalia sherehe kwenye tivi. Mie nimelala kifudifudi chini ya kwadi naangalia ridi. Ridi ni yale majani membamba yanayokaa kati ya kabureta na injini, yanafunguka hewa ikiingia yanajifunga isirudi. Nimeyainua kwenye mwanga, hakuna lililopasuka wala lililopinda, yanalalia vizuri. Na ule mpira mnene wa kushika kabureta nimeukunja kunja kutafuta ufa, haupo. Sijapata kitu, lakini nimejua kitu.

Jumamosi, 18 Januari

Aibu ya leo naiandika kamili.

Asubuhi nimebadilisha jeti kubwa nikaweka namba ya chini, nikashusha sindano ya ndani ya kabureta kitako kimoja, nikafungua skrubu ya hewa mizunguko miwili na nusu badala ya mmoja na nusu niliyoanzia, vyote kwa mpigo, kwa sababu nilijiaminisha inazama kwa petroli nyingi. Ikawa mbaya zaidi. Nikarudisha jeti nikaacha sindano. Ikawa mbaya kwa namna nyengine. Saa nane mchana sikumbuki tena kilichokuwa mwanzo ni kipi. Nikaisukuma mpaka kwa Fundi.

"Fundi, shikamoo."

"Marahaba. Umeibadilisha nini?"

Nikamwambia. Akanyamaza, akaendelea kukaza nati yake, kisha: "Yakhe, mgonjwa ukimpa dawa tatu siku moja akipona utamshukuru nani? Rudisha vyote ulivyovikuta, ndo uniwashie."

Nikarudisha. Nikawasha, nikabinya, ikaanza tatatatata. Yeye kafumba macho, mkono umeshika ekzosi kwa kitambaa. Akasema sikiliza vizuri. Injini ikizidiwa na petroli inanguruma nzito, booo, inakohoa, inatoa moshi mweusi, na inapanda kwa shida lakini inapanda. Ikikosa petroli inalegea inakwenda kufa, ukivuta choki kidogo ili petroli izidi inafufuka. Hii yako haifanyi moja wala jengine. Hii inafika sehemu moja inakatwa, kama kuna mtu kasimama na mkasi. Mkasi huo ni umeme.

Nikasema lakini cheche ipo, nimeiona. Akasema umeiona ukipiga kiki, hujaiona ikizunguka mara elfu kadhaa kwa dakika.

Hapo ndo tukaanza kufuata waya. Hizi Blaster zina kisanduku kidogo cha usalama kwenye umeme wake. Kinaangalia eksileta, kwamba ukiiachia na kabureta ikabaki wazi kimekwama kitu, kinapunguza moto wa plagi ili kwadi isikukimbie na wewe juu. Na kinaangalia breki ya kuegeshea pia, ile ya kwenye hendeli ya kushoto jirani na klachi. Ukisahau umeivuta ukataka kuondoka, injini hairuhusiwi kupanda. Mie breki hiyo nimeiachia siku ya kwanza, kishikizo kiko chini, sijakifikiria tena.

Tumefungua swichi yake. Ndani kijani kitupu. Chumvi ya bahari miaka mitano, vile vidude vya shaba vimeshikana kwa kutu, kishikizo umekiachia lakini swichi bado inadhani umevuta. Fundi akachomekea mita, ukivuta inasema ndio, ukiachia inasema ndio. Nikachomoa soketi yake kwa kujaribu tu, nikapiga kiki, nikabinya.

Injini ikalia mpaka Fundi akaachia kitambaa.

Nimecheka peke yangu njia nzima. Wiki mbili za kabureta, na ugonjwa ulikuwa ni ukubwa wa ukucha.

Jumamosi, 25 Januari

Swichi nimeisugua kwa msasa laini, nimeitia grisi, inafanya kazi, nimeirudishia. Najua wengi wanaiacha imechomolewa moja kwa moja au wanang'oa kisanduku chote, mie huku kwenye watoto na mbuzi njiani nataka kitu kitakachoniokoa eksileta ikikwama kwa mchanga.

Ami kaja kutoka mjini, kaizungusha mpaka karibu na Paje na kurudi kwa njia ya pwani, karudi macho mekundu ya upepo anacheka kama kijana. "Mwanangu, hii haikuwa hivi hata nilipoinunua." Nimeifungia tela, ile niliyochomelea kwa mabomba na magurudumu ya mkokoteni.

Nimefungua plagi kuangalia. Nyeupe. Nyeupe kama mfupa. Inatakiwa iwe kahawia, rangi ya korosho iliyokaangwa. Nkasema labda kwa sababu plagi mpya. Hili nalo naliandika kwa sababu nililiona kwa macho yangu nikalipa udhuru.

Jumamosi, 1 Februari

Bamvua ya mwezi mwandamo. Maji yametoka mpaka mbali kule, kina mama wote wako mashambani, shangazi kajaza magunia manne. Nikaenda na tela mpaka ukingo wa mchanga mgumu. Safari ya kwanza magunia mawili, imevuta, nimejisikia mfalme. Safari ya pili ikapanda kilima cha mchanga, nikafika juu nikaachia eksileta, na injini haikushuka.

Nimeachia kabisa, kidole hakigusi, nayo inalia juu juu, iiiiiii, sekunde mbili, tatu, tano, kisha inashuka kwa uvivu. Nikabinya kidogo, ikapanda ikang'ang'ania tena. Na joto lake, mapezi ya silinda yananuka rangi inaungua. Nikaizima kwa swichi nyekundu. Nikavuta choki nusu nikaiwasha tena kujaribu: ikatulia, ikavuta vizuri kuliko bila choki. Nikazima moja kwa moja, sikuithubutu tena. Maneno ya Fundi ya wiki mbili nyuma yamenijia yote, ukivuta choki inafufuka, yaani ina njaa ya petroli, au ina hewa isiyokaribishwa.

Hapa ndo penye hatari ya tustroki. Injini nyengine ikikosa petroli inakosa nguvu tu, oili yake iko chini inazunguka. Tustroki oili inasafiri ndani ya petroli. Ikipungua petroli imepungua na oili papo hapo, moto unazidi na ulaini unapungua, pistoni inavimba inashika silinda, au inatobolewa tundu katikati. Dakika chache tu.

Na ndo nimeelewa kitu nikiwa nimekaa juu ya gunia la mwani nasubiri gari ya ng'ombe ije inivute. Hilo tundu linaloingiza hewa halikuanza leo. Lilikuwepo tangu tarehe 5, mie sikulijua kwa sababu swichi mbovu ilikuwa haiiruhusu injini kufika kwenye mbio zinazounguza. Ile kwikwi niliyoitukana wiki mbili ndo iliyoilinda pistoni ya Ami. Nimeondoa mlinzi kabla sijaangalia nyumba ina mwizi.

Magunia mawili yaliyobaki yamepanda kichwani kama kawaida. Shangazi hakusema kitu, ambayo kwa shangazi ni kusema sana.

Jumapili, 2 Februari

Kupima injini kama inavuja hewa unaiziba kote kisha unaijaza upepo kidogo unaona kama unakaa. Kipimo kinachotumika na mafundi wa tustroki ni psi 6 kwa dakika 6. Tatizo sina pampu ya hivo wala geji ya chini hivo, ya matairi haisomi vidogo. Fundi ndo kauliza, "bibi yako hana kile cha kupimia presha, kile cha zamani cha kubinya?"

Anacho. Kipo kabatini tangu alipopewa cha betri. Na kinasoma mpaka 300, na 300 ya presha ya damu ni psi 5.8. Karibu kabisa.

Basi leo injini imepimwa presha, wallahi. Nimefungua ekzosi nikaziba tundu lake kwa kipande cha tyubu ya pikipiki na bati juu yake nimekaza kwa boliti, upande wa kabureta nimetia kizibo cha mpira chenye tundu katikati, paipu ya kipimo imeingia hapo, nikafunga kwa bendi. Plagi iko mahali pake, pistoni nimeishusha chini ili matundu yote yawe wazi. Bibi kakaa kitini mlangoni anasimamia kifaa chake. Nikabinya ile ndimu ya mpira. 100. 200. 280, na mshale ukaanza kurudi huku naangalia, 250, 200, 120, nusu dakika imekwisha. Bibi akasema "huyu ana presha ya kushuka, mpeni chumvi." Nikasema bibi chumvi ndo imemfikisha hapa.

Maji ya sabuni kwa brashi. Kitako cha silinda, hakuna. Kichwani, hakuna. Kwenye ridi, hakuna. Nikafungua kifuniko cha kushoto cha magineti, nikapaka nyuma ya flaiwili kwa kadiri mkono unavyofika, na pale mapovu yakaanza kutoka, madogo madogo, kama wali unaokaribia kukauka.

Sili ya kranki upande wa magineti, yaani mpira unaozuia hewa isipite kwenye mhimili wa injini. Mpira huo unaishi kwa kulowana na oili ya kwenye petroli, injini ikilala miaka unakauka mdomo wake unakuwa mgumu. Ingekuwa ya kulia, upande wa klachi, dalili zingekuwa nyengine: ingekuwa inanyonya oili ya giaboksi, moshi mweupe mzito hauishi na oili ya gia inapungua bila kuvuja chini. Hii ya kushoto inanyonya upepo mtupu, haikwambii kitu, inachoma tu.

Jumamosi, 8 Februari

Flaiwili haitoki kwa nyundo. Naliandika hilo kwa sababu nimeona watu wanaipiga, na sumaku za ndani zinapasuka au ncha ya kranki inapinda. Inatoka kwa puli yake, ile ya kuingia kwenye nyuzi za katikati, nimeiazima mjini. Nati nimefungua kwa kuizuia flaiwili na mkanda wa zamani wa feni. Kaza puli, gonga kichwa cha puli kidogo, kaza tena, pap! ikaruka. Kifunguo kidogo cha nusu mwezi kikadondoka mchangani, nikapiga magoti kukitafuta robo saa na sumaku ya spika. Bila hicho hakuna taiming, cheche haiji kwa wakati wake.

Bamba la koili nyuma yake kabla sijalegeza skrubu nimelichora mstari kwa msumari, likapita mpaka kwenye bodi, ili lirudi pale pale. Ndipo sili ikaonekana. Nimetoboa kitundu kidogo kwenye bati lake, nikaingiza skrubu, nikaivuta kwa plaizi, kwa woga, maana kranki iko hapo hapo usiikwaruze. Ikatoka. Mdomo wake mgumu kama kifuu, na ufa mmoja unaoonekana bila miwani.

Sili zinauzwa kwa namba tatu, upana wa ndani, upana wa nje na unene, na zimeandikwa juu yake. Nilishamtumia picha kijana wa duka la beringi Dar tangu Jumatatu kwa namba nilizozitafuta, leo asubuhi imekuja na boti, nimelinganisha, sawa sawa. Bei yake haifiki hata ya lita nne za petroli. Kranki nimeipangusa, nimepitisha ukucha kuona kama sili ya zamani imechimba mfereji, haijachimba. Grisi kidogo mdomoni, nikaigonga taratibu kwa kipande cha bomba la maji kinacholingana, ikakaa.

Kipimo cha bibi tena. 300. Tumekaa tunaangalia. Dakika sita mshale umeshuka mpaka 290. Bibi akasema huyu sasa ana presha ya kupanda, na akakichukua kifaa chake akaenda nacho ndani, hataki tena.

Jumamosi, 15 Februari

Bamvua ya mwezi mpevu. Asubuhi nimeiacha ipate moto dakika chache, nikabinya nikaachia, ikapanda ikashuka papo hapo, ikatulia. Skrubu ya hewa imebaki mzunguko mmoja na nusu. Sindano iko pale pale ilipozaliwa. Sponji la kweli limepatikana, nimelitia. Pampu ya oili bado nimeipumzisha, nachanganya kwa mkono.

Magunia sita, safari tatu, kilima kile kile cha mchanga, gia ya pili. Mara moja tu nilishuka kusukuma, na hiyo ni kosa langu nilipita kwenye mchanga mlaini badala ya kufuata alama za ng'ombe. Nimefika juu nimeachia eksileta nikasikiliza. Imeshuka. Nimesikiliza tena safari ya pili. Imeshuka.

Tulipomaliza, shangazi akawa anatandaza mwani kwenye chanja, mie nikafungua plagi nikaiweka kiganjani bado ina moto. Kahawia. Akachungulia.

"Mbona imeungua hiyo?"

"Haijaungua shangazi, imeiva."

"Haya. Kesho maji yanatoka saa nne na nusu, usichelewe."

Nimeiosha yote kwa maji ya kisima, ndoo tano, mnyororo nimeupaka oili, swichi ya breki nimeipuliza ikauke. Nimefunga koki ya petroli nikaiacha injini iwake mpaka imalize petroli ya kwenye kabureta izime yenyewe, na ekzosi nimeiziba kwa kitambaa, manyigu watafute kwengine. Beringi ya ekseli ya nyuma inalia upande wa kulia, kama paka mdogo, ntaifungua Jumapili ijayo.